Jinsi ya kusoma utabiri wa mawimbi kabla hujabeba ubao kwenda ufuoni Malindi

Kusi, ule upepo wa msimu unaotoka kusini, likishaingia watu hawaachi kuniuliza, kesho bahari itakuwaje? Na wengi wanaouliza wana apu kwenye simu tayari, wameshaona mita 1.5 na mishale ya rangi rangi, ila hawajui zile namba zina maana gani pale mchangani kwetu. Nimefundisha watoto na vijana kupanda mawimbi hapa Malindi miaka mingi sasa, na kitu ninachowaambia siku ya kwanza ndio hicho hicho nakwambia wewe: namba ya kwenye simu ni ya bahari ya nje, kwenye maji marefu. Haijui fungu lako la mchanga, haijui maji yamejaa au yamekupwa, haijui kama jana mvua imenyesha bara. Hayo unaongeza mwenyewe. Hivi ndivyo ninavyofanya, kwa mpangilio ule ule ninaoufuata kila jioni.

Hatua ya 1: Ujue ufuo wako kabla ya kufungua simu

Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba. Ukienda Watamu au Diani unaona povu linavunjikia kule mbali kwenye mwamba, huku ndani maji yametulia. Ghuba ya Malindi sio hivyo. Mto Sabaki unamwaga maji baridi na tope upande wa kaskazini, matumbawe hayapendi tope, kwa hivyo hapa mwamba umekatika na mawimbi yanaingia mpaka ndani yanavunjikia juu ya mchanga. Mchanga unahama. Fungu ulilolizoea mwezi wa sita unaweza kulikosa mwezi wa nane.

Kitu kingine, ufuo wetu unatazama mashariki, na upande wa kusini kuna ile rasi yenye nguzo ya Vasco da Gama. Wimbi likitoka kusini kabisa lazima lizunguke rasi, na likizunguka linapoteza nguvu. Likitoka kusini mashariki au mashariki linakuja wima. Ndio maana siku mbili zenye namba sawa kwenye simu zinaweza kuwa tofauti kama usiku na mchana, na ndio maana ukisogea kaskazini kuelekea Sabaki mawimbi yanakua, manake kule rasi haikukingi tena.

Msimu wenyewe unaujua: Kusi kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, nguvu yake yote Juni mpaka Agosti, na hapo ndio mawimbi yapo. Kaskazi ya Desemba mpaka Machi mara nyingi bahari ni ndogo, nzuri kwa anayeanza.

Hatua ya 2: Anza na maji, sio mawimbi

Hapa ndipo wengi wanakosea, wanakimbilia urefu wa wimbi wakati jambo la kwanza ni maji yako wapi. Bamvua zetu, yaani siku ambazo maji yanajaa sana na kukupwa sana, zinapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hebu fikiria, pale pale ulipokuwa umesimama maji ya kifuani, masaa sita baadaye ni mchanga mkavu watu wanacheza mpira. Maji mafu, siku ambazo maji hayatembei sana, tofauti ni kama mita moja na kidogo tu.

Huhitaji intaneti kwa hili, uliza mvuvi yeyote. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye ndio bamvua, na bamvua kwetu maji hujaa kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa saa nne mpaka saa tano asubuhi. Kila siku inasogea kama dakika 50. Ukihesabu siku saba unafika maji mafu na mambo yamegeuka, maji yanajaa saa nne saa tano asubuhi. Mwenye kufuata kalenda ya Kiislamu anajua bila kuangalia popote, mwanzo wa mwezi na katikati ya mwezi. Ukitaka dakika kamili, Mamlaka ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la maji la Kilindini, Mombasa, na Malindi haipishani nalo sana.

Kumbuka pia maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa la kwanza yanapanda kidogo, la pili zaidi, la tatu na la nne ndio yanakimbia, alafu yanapunguza tena. Bamvua ya mita 3, ndani ya saa la tatu peke yake yanapanda karibu sentimita 75. Ukiwa na watoto ndani ya maji hiyo namba uiweke kichwani.

Sasa kwa nini najali hivi? Kwa sababu wimbi la mita moja linavunjika likifika kwenye kina cha kama mita 1.3. Maji yakikupwa sana, fungu linakuwa karibu na uso, wimbi lote linaanguka kwa mpigo kama ukuta, na ubao unachoma mchangani. Maji yakijaa sana, wimbi linapita juu ya fungu bila kuvunjika linakuja kupasukia pale watu wanapoanika nguo. Katikati ndio kuzuri, na mimi napenda zaidi maji yakiwa yanapanda.

Hatua ya 3: Urefu wa wimbi, na zile sekunde ambazo watu hawaziangalii

Apu zinakupa namba mbili za mawimbi, mita na sekunde. Mita, kila mtu anaangalia. Sekunde ni muda kati ya wimbi moja na lingine, na kwangu ndio namba yenye habari nyingi zaidi. Sekunde 5 au 6 ni mawimbi ya upepo wa hapa hapa, yamebanana, hayana mpangilio, unapiga makasia mpaka mikono inakufa na hupati kitu. Sekunde 8 mpaka 10 ni Kusi lililopuliza vizuri huko nje, na hizi ndio siku zetu za kawaida nzuri. Sekunde 12 na kuendelea ni mawimbi yaliyosafiri kutoka mbali sana. Kwetu hayaji mara nyingi kwa kuwa Madagaska imekaa njiani inazuia mengi yanayotoka kule chini kusini kwenye dhoruba kubwa, ila yakija utayajua, bahari inakuwa laini kama mafuta alafu ghafla mstari mrefu unanyanyuka.

Nguvu ya wimbi inapanda na sekunde. Mita 1.5 ya sekunde 12 ina nguvu karibu mara mbili ya mita 1.5 ya sekunde 7. Namba ya mita ni ile ile, lakini moja itakunyanyua na nyingine itakumwaga maji usoni tu. Na ya sekunde nyingi yanakimbia zaidi: zidisha sekunde mara 2.8 unapata kilomita kwa saa ambazo kundi la mawimbi linasafiri baharini. Sekunde 12 ni kama kilomita 34 kwa saa, yaani 800 na zaidi kwa siku. Kwa hivyo ukiona kwenye ramani upepo mkali umbali wa kilomita 1,600, hesabu siku mbili.

Alafu hili, na hapa naomba usome pole pole. Ile namba ya mita sio wimbi kubwa zaidi. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa. Namna hii ya kupima ilianza wakati wa Vita Kuu ya Pili, Harald Sverdrup na Walter Munk walipokuwa wanatabiri mawimbi ya fuo ambazo wanajeshi wangeshukia. Maana yake ni kwamba ukikaa majini muda wa kutosha utakutana na wimbi linalokaribia mara mbili ya namba hiyo. Mwaka mmoja mwezi wa saba simu ilisema mita 1.3, nikaingia na vijana wanne, robo saa nzima bahari imetulia, nikajiaminisha. Yakaja matatu mfululizo, makubwa. Kamba ya mguu ya kijana mmoja ikakatika, ubao ukaenda zake na yeye akavutwa nje na mkondo. Tulimpigia kelele asishindane nao, alale chali aelee, alafu aogelee kwenda pembeni sambamba na ufuo, akatoka salama. Kosa lilikuwa langu, niliisoma 1.3 kama kikomo. Tangu siku hiyo kabla sijaingiza mtoto yeyote nazidisha namba mara mbili na kujiuliza, hilo wimbi huyu ataliweza?

Hatua ya 4: Upepo

Weka setingi za apu zisome kilomita kwa saa. Digrii zinaonyesha upepo unakotoka: 90 mashariki, 180 kusini, 270 magharibi. Chini ya 15 bahari ni safi. 15 mpaka 25 inavumilika. Ikipita 30 inachafuka, na Kusi la mwezi wa saba linafika huko karibu kila mchana.

Siri yetu ni asubuhi. Usiku nchi kavu inapoa kuliko bahari, kwa hivyo alfajiri unapata umande, ule upepo mwepesi unaotoka bara kwenda baharini, na Kusi lenyewe linakuwa limelegea. Upepo wa bara unalisimamisha wimbi, unalichana uso vizuri. Kufika saa tatu saa nne jua limepasha ardhi, upepo wa bahari unaanza kuingia, na saa saba kumeshaharibika. Apu nyingi haziuoni umande vizuri kwa kuwa ni kitu kidogo cha pwani pwani, kwa hivyo ikisema 18 saa kumi na mbili asubuhi usikate tamaa, amka ukaangalie.

Hatua ya 5: Siku ngapi mbele?

Siku ya kesho na keshokutwa naamini. Siku ya tatu na ya nne naamini mwelekeo tu, kwamba inakua au inapungua. Zaidi ya wiki siangalii kabisa, na yeyote anayekuambia Jumamosi ya wiki ile nyingine mawimbi yatakuwa mita 2 usipange safari ya kutoka Nairobi kwa neno hilo.

Linganisha modeli mbili, yaani hesabu za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa, ya Wamarekani inaitwa GFS na ya Ulaya inaitwa ECMWF, kwenye apu ya Windy zote zipo. Zikikubaliana, sawa. Zikipishana sana, ngoja. GFS inaanza hesabu mpya mara nne kwa siku, kwa saa zetu ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa mchana na saa tatu usiku, na matokeo yanachukua masaa kadhaa kutoka, kwa hivyo kuangalia simu kila dakika kumi hakuna faida. Angalia pia jedwali liko kwenye saa gani, baadhi yanatumia saa ya dunia na inabidi uongeze 3.

Hatua ya 6: Mvua na onyo

Mvua ikinyesha sana bara, Sabaki inashuka nyekundu na ghuba nzima inabadilika rangi. Magogo yanaelea, huoni chini, na mdomoni mwa mto kuna viboko. Siku hizo siingii upande wa kaskazini hata mawimbi yawe mazuri vipi.

Na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, hiyo inaishinda apu yoyote. Kimbunga Hidaya kilipoingia Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilikuwa mbali na sisi kwa ramani, lakini mawimbi hayahitaji kimbunga kifike kwako, yanatangulia yenyewe. Siku kama hizo kaa juu uangalie.

Hatua ya 7: Weka pamoja (mfano)

Tuseme ni Ijumaa jioni, mwezi ulikuwa mpevu jana Alhamisi. Kesho Jumamosi simu inasema mita 1.8, sekunde 9, wimbi linatoka digrii 150, upepo 14 alfajiri na 30 saa saba.

Digrii 150 ni kusini mashariki inayoelekea kusini, kwa hivyo rasi itakata kiasi, karibu na jeti natarajia kama mita moja, kaskazini zaidi. Bamvua hiyo, maji yamejaa kama saa kumi na moja alfajiri, yatakupwa saa tano. Kunapambazuka, saa kumi na mbili na nusu, yameshashuka kidogo na upepo bado mdogo. Basi dirisha langu ni saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili, ikigonga saa tatu fungu liko juu na natoka. Mchana maji yatarudi katikati kama saa nane, lakini upepo 30, naacha.

Jumamosi inayofuata, namba zile zile, ni maji mafu. Maji yamekupwa saa kumi alfajiri, yanajaa saa nne. Yanapanda asubuhi yote, pole pole, na upepo haujaamka. Wanafunzi wapya nawaleta hiyo Jumamosi ya pili.

Hatua ya 8: Dakika ishirini na daftari

Ukifika, usiingie. Kaa dakika ishirini, hesabu mawimbi makubwa yanakuja mangapi kwa kundi na baada ya muda gani. Tafuta pale ambapo mawimbi hayavunjiki na maji yana rangi nzito kidogo, povu linaelekea nje: hapo ni penye mkondo unaovuta, hapaingizwi mtoto hata kama panaonekana pametulia, tena hasa pakitulia.

Ukitoka, andika kabla hujala. Tarehe, mwezi wa angani una siku ngapi, simu ilisema nini, wewe umeona nini. Yangu yanaandikwa mistari miwili: "Julai, mwezi siku ya 17, simu 1.8 sek 9 digrii 150, jeti kiunoni, kaskazini kifuani, saa tatu kumeisha." Ukishafikisha kurasa thelathini za namna hiyo utajua fungu lako linakata namba ya simu kwa kiasi gani, na Kusi likirudi mwaka ujao fungua ukurasa wa tarehe kama hiyo uanzie hapo.