Kutoka Maabara Hadi Darasani: Kufundisha Kemia Katika Vyuo vya Miaka Miwili Marekani

Miaka kumi ya kupima sampuli kiwandani peke yake haikupi darasa. Vyuo vya miaka miwili hutazama kwanza karatasi: mara nyingi huhitaji shahada ya uzamili ya kemia, au uzamili wa fani nyingine wenye krediti 18 za kemia za ngazi hiyo. Hesabu krediti zako kabla hujaandika barua ya maombi. Zikipungua sita, masomo mawili ya jioni chuo kikuu yatatosha.

Shahada ya Dar es Salaam, Nairobi au Makerere ipeleke kwa taasisi ya tathmini iliyo mwanachama wa NACES (chama cha taasisi za Marekani zinazotathmini vyeti vya nje), kama WES au ECE. Agiza ripoti ya somo kwa somo, maana ile fupi hutaja shahada tu na jopo la usaili halioni kemia uliyosoma. Anza mapema, kusubiri chuo cha nyumbani kitume matokeo kunaweza kula miezi.

Mwenye H-1B (viza ya kazi inayoombwa na mwajiri) ya kampuni asifundishe hata kipindi kimoja cha jioni kabla chuo chenyewe hakijamwombea H-1B yake, na kwa mwalimu wa muda ni vyuo vichache vinavyokubali kuhangaika hivyo. Mwenye grinikadi hana kikwazo hicho.

Usiache kazi ya maabara kwanza. Mwalimu wa muda hulipwa kwa somo, mara nyingi bila bima ya afya. Nafasi zake huibuka ghafla karibu na Agosti na Januari, kwa hiyo maombi yako yawe yameshafika. Ajira za kudumu hutangazwa zaidi kati ya Oktoba na Machi.

Usaili huwa na somo la majaribio la dakika 15 hadi 20, na hapo ndipo watu wa maabara huanguka: wanamwaga kila wanachojua. Chukua jambo moja, kwa mfano kemikali inayokwisha kwanza. Andika ubaoni moli (kipimo cha kiasi cha kemikali) 4 za haidrojeni na moli 3 za oksijeni zinazoungana kuwa maji, kisha uliza ipi itakwisha. Wengi watataja oksijeni kwa kuwa 3 ni ndogo kuliko 4. Waache wapige hesabu wenyewe: moli 4 za haidrojeni zinakula moli 2 tu za oksijeni, moja inabaki. Kosa hilo ndilo somo lenyewe. Na ile mol/dm³ (moli kwa lita) ya sekondari kwetu Afrika Mashariki, hapa Marekani huandikwa M.

Maandalizi ya maabara nayo yana hesabu yake. Wanafunzi 24, kila mmoja titresheni (kupima kemikali kwa kuimwagia nyingine kidogo kidogo) tatu za mL 25, pamoja na kusuuza bureti (mrija wenye vipimo wa kumwagia) na kumwaga ovyo: weka mL 150 kwa kila mtu. Tengeneza lita 4 za NaOH (sodiamu haidroksaidi) ya 0.1 M kwa gramu 16. Vidonge vya NaOH hufyonza unyevu, kwa hiyo usiamini mizani. Hakiki nguvu ya NaOH kwa KHP (asidi ya unga inayopimika kwa usahihi), takriban gramu 0.41 kwa mL 20 za NaOH. Kagua ncha za bureti: kiputo cha hewa kikitoka katikati ya kazi, ujazo unasomeka mkubwa kuliko uliomwagika, na ukihakiki kwa KHP, NaOH itaonekana hafifu kuliko ilivyo.

Wiki moja kabla, fanya jaribio zima mwenyewe kwa vifaa vilevile, ukitazama saa. Muda utakaotumia, wape wanafunzi mara mbili yake.