Ukiulizwa Wayahudi wa zamani waliongea lugha gani, jibu hivi

Kwenye vipindi vya Biblia vya vijana hapa Dodoma hili swali haliishi, na walimu wengi wanasema "Kiebrania" afu wanafunika kitabu. Jibu hilo halitoshi kabisa. Kama wewe ndo unafundisha, kabla hujajibu rudisha swali: Wayahudi wa wapi, wa miaka gani, na hapo wanaongea na nani?

Vijana wa huku hawahitaji maelezo marefu. Mtoto wa Mvumi anaongea Kigogo kwa bibi, akifika soko la Majengo ni Kiswahili, shuleni sekondari anasomeshwa kwa Kiingereza, na bado ni mtu yuleyule. Waambie hivyo tu afu fungueni Biblia.

Anza na 2 Wafalme 18, mwaka 701 KK hivi. Jeshi la Ashuru limefika Yerusalemu, jemadari anapiga kelele huku watu wamejaa ukutani wanasikiliza, maofisa wa mfalme Hezekia wanamwomba aongee Kiaramu maana wao wanakielewa, asiongee lugha ya Kiyahudi watu wakasikia. Jamaa anakataa, tena anapaza sauti zaidi kwa lugha ya Kiyahudi ili raia wote waogope. Hapo mmeshapata mambo mawili: wakubwa walikijua Kiaramu maana ndo kilikuwa lugha ya mambo ya kimataifa, raia wa kawaida walikuwa bado kwenye Kiebrania.

Baada ya hapo Yerusalemu ikaanguka, 586 KK, watu wakapelekwa Babeli, wakaja Waajemi na Kiaramu ndo kikawa lugha ya ofisi zao. Waonyeshe Danieli 2:4, katikati ya mstari maandishi ya asili yanahama kutoka Kiebrania kwenda Kiaramu na yanaendelea hivyo mpaka mwisho wa sura ya 7. Na kule Misri, kisiwa cha Elephantine karibu na Aswan, kulikuwa na askari Wayahudi karne ya 5 KK, wameacha barua, mikataba ya ndoa, hati za nyumba, zote za Kiaramu! Mimi hizo hati nazipenda sana kwa sababu ni maisha ya kila siku, mtu anaoa, mtu anauza nyumba.

Usiseme Kiebrania kilikufa hapo. Magombo ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana 1947 mengi ni ya Kiebrania, na barua za vita vya Bar Kokhba, yule Myahudi aliyeongoza uasi dhidi ya Warumi, 132 mpaka 135 BK, ziko za Kiebrania, Kiaramu na hata Kiyunani.

Kiyunani kiliingia na Aleksanda Mkuu, mfalme wa Makedonia, 332 KK. Wayahudi wa Alexandria kule Misri walikizoea mpaka Torati ikatafsiriwa kwa Kiyunani karne ya 3 KK. Kilatini kipitie haraka, kilikuwa cha Warumi wenyewe, jeshi na serikali, usikiweke midomoni mwa wavuvi wa Galilaya. Hao lugha ya nyumbani ilikuwa Kiaramu, na ndo maana Marko 5:41 ameacha maneno ya Yesu yenyewe ya Kiaramu, Talitha kumi, yaani "Msichana, inuka".

Sasa kipande cha kusoma kwa sauti ni Matendo 21:37 mpaka 22:2, mpe kijana mmoja awe Paulo na mwingine awe jemadari wa Kirumi aliyemkamata. Paulo anamsemesha jemadari kwa Kiyunani, jemadari anashangaa kumbe huyu anakijua, afu palepale kwenye ngazi Paulo anageukia watu kwa lugha yao, ambayo Luka, mwandishi wa Matendo, anaiita Kiebrania na wataalamu wengi wanasema ni Kiaramu, na umati wote unanyamaza. Dakika mbili hazijaisha, mtu mmoja, lugha mbili.

Muda ukibaki nendeni Matendo 2:9-11, panapotajwa walikotoka Wayahudi waliokuwa Yerusalemu siku ya Pentekoste, kila kijana achague mji au nchi akisie Wayahudi wa pale waliongea nini. Wa Rumi wengi watasema Kilatini, hapo waambie kwamba makaburi ya Wayahudi yaliyochimbwa chini ya ardhi kulekule Rumi maandishi yake mengi ni ya Kiyunani.