Kadi ya grafiki ikisumbua, ipunguzie umeme kabla ya kununua nyingine
Yangu hapa Kisauni ilianza kuzima skrini katikati ya gemu, joto la kaskazi likiwa limepamba moto. Kabla hujatoa pesa, pakua MSI Afterburner, programu ya bure ya kurekebisha kadi, ushushe kiwango cha umeme wa kadi hadi asilimia 75, kisha uitumie kama kawaida siku mbili tatu. Kadi ikila umeme kidogo hutoa joto kidogo, na kasi inayopotea ni ndogo kuliko unavyodhani. Ikitulia, shaka iende kwenye joto au pawasaplai (kifaa kinacholisha kompyuta umeme) iliyochoka: pangusa feni (huku pwani vumbi hushikana na unyevu wa chumvi likawa kama tope), badilisha krimu ya kupitishia joto, jaribu pawasaplai ya rafiki. Unaweza kungoja. Lakini ukiona mistari au vidoti vya rangi tangu kompyuta inapowaka, kabla hata Windows haijafunguka, na kebo na skrini umeshabadilisha, mara nyingi memori ya kadi imekufa. Hapo usingoje, nunua. Na usikubali ichomwe kwenye oveni hata fundi akikuapia. Ikifufuka, haikawii kufa tena.