Kurudisha madini ya chuma mwilini kwa mgonjwa wa siliaki

Ugonjwa wa siliaki, ambamo mwili hushambulia utumbo wake mtu anapokula gluteni (protini iliyomo kwenye ngano), huharibu ukuta wa utumbo mwembamba, hasa sehemu yake ya mwanzo ambako madini ya chuma hufyonzwa, ndiyo maana upungufu wa damu huwapata wagonjwa wengi. Usiache kula ngano kabla ya kupimwa, kwa kuwa majibu yanaweza kupotoka. Ukishathibitika kuwa nao, omba upimwe feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini), foleti (vitamini B9), vitamini B12, vitamini D na zinki. Vidonge vya chuma ulivyoandikiwa na daktari vimeze kwa juisi ya machungwa, na chai, hata ya rangi, isubiri kwa muda wa saa mbili. Ugali wa mahindi, mtama au wimbi unafaa, lakini tafadhali ulizia mashineni: kinu kilichotoka kusaga ngano huchanganya unga wake na wako, na utumbo usiopona hautavifyonza vidonge hivyo ipasavyo.