Bureti kwenye dripu ya mtoto: funga klampu ya juu

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodi ya watoto hapa Tanga, chupa ya dripu ya mililita 500 ni kubwa mno kwa mtoto wa kilo 8. Ikiingia yote wakati umeitwa kitanda kingine, mtoto huyo amepata zaidi ya mililita 60 kwa kila kilo ya uzito wake, na maji yakizidi hukimbilia kwenye mapafu. Bureti, kile chombo kidogo cha plastiki kinachokaa kati ya chupa na mrija wa mtoto, imewekwa kwa ajili ya dakika ambazo macho yako hayapo. Hubeba mililita 100 au 150, ina mistari ya vipimo ubavuni, na kilichomo ndani yake ndicho pekee kinachoweza kumfikia mtoto. Sharti ni moja: klampu ya juu, iliyo kati ya chupa na bureti, iwe imefungwa kabisa. Ikiachwa wazi hata kidogo, bureti inajijaza yenyewe na chupa nzima iko njiani kwenda kwa mtoto. Ukipokea zamu, anza kuishika klampu hiyo kwa mkono kabla hujasoma faili.

Sisi wa mkoa huu tuna sababu ya kulijali jambo hili. Hospitali ya Teule, Muheza, ilikuwa moja ya vituo vya utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yakatoka 2011. Watoto wenye homa kali ambao damu yao haikuzunguka vizuri waligawanywa makundi. Waliomiminiwa maji ya haraka walifariki kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48; wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Watoto wa kuharisha hawakuwemo. Hao wakikaukiwa sana wanahitaji maji ya haraka kwa mpango wao, nao pia kwa kupima.

Kuiandaa bureti ni hivi. Nawa mikono, bana klampu zote mbili, ya juu na ya chini iliyo kwenye mrija wa mtoto, fungua tundu la hewa lililo juu ya bureti. Choma chupa, itundike, fungua klampu ya juu, ingiza kama mililita 30, kisha bana tena. Minya chemba ya matone hadi ijae theluthi au nusu. Fungua klampu ya chini taratibu, maji yatembee hadi ncha ya mrija. Ukiona kiputo, gonga mrija kwa kidole mpaka kipande na kutoka. Bana, ndipo uunganishe na kanula, kimrija kilicho kwenye mshipa wa mtoto.

Sasa jaza. Weka maji ya saa moja, yasizidi ya saa mbili. Jiulize hivi: haya yakiingia yote kwa mkupuo, mtoto atavumilia? Kama jibu ni hapana, punguza. Kwa kanuni ya mililita 4 kwa kilo kwa saa, inayotumika kwa kilo 10 za mwanzo, mtoto wetu wa kilo 8 anapata mililita 32 kwa saa. Daktari akiandika pungufu ya hapo, fuata la daktari. Bureti nyingi za watoto hutoa matone 60 kwa mililita moja, kwa hiyo mililita kwa saa ndiyo idadi ya matone kwa dakika: matone 32, yaani 8 kila sekunde 15. Lakini soma paketi kila mara. Ukihesabu matone 32 kwenye mrija wa matone 20 kwa mililita, umempa mililita 96 kwa saa huku ukiamini umefanya sawa. Rudi baada ya dakika chache uhesabu tena, maana mtoto akikunja mkono tu mwendo hubadilika.

Dawa ndipo penye mtego. Futa kizibo cha mpira juu ya bureti kwa spiriti, subiri kikauke, choma dawa, izungushe polepole ichanganyike. Tuseme ni dawa ya nusu saa ndani ya mililita 20: matone 40 kwa dakika. Bureti ikiisha, watu huandika kwenye chati kuwa dozi imeingia. Haijaingia! Mrija wenyewe hubeba mililita 10 hadi 20 kutegemea urefu wake. Ukibeba 15, robo tatu ya dozi bado imelala mrijani. Ongeza maji ya dripu yasiyo na dawa yanayolingana na ujazo wa mrija, yapite kwa mwendo uleule wa dawa, na uyahesabu kwenye maji ya siku ya mtoto.

Angalia pia dawa inakutana na nini. Seftriaksoni haichanganywi na Ringa laktati kwa sababu ya kalsiamu. Fenitoini huganda kwenye glukosi, itumie kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Potasiamu kloridi haisukumwi kwa bomba la sindano kamwe. Damu ina mrija wake wenye chujio.

Mama akikuita, “Sista, maji yamesimama,” usikimbilie kufungua klampu. Tazama kanula kwanza, kama mkono umevimba funga dripu. Kisha tazama tundu la hewa: likiziba au chujio lake likilowa, matone hukatika. Kiboya, kile kinachoelea ndani ya bureti, kikinata chini baada ya bureti kuisha, jaza kidogo, bana klampu ya chini, minya chemba kwa upole kitainuka. Na tafadhali, msitoboe chupa kwa sindano ili ipate hewa, mnaingiza vijidudu.

Lebo ya dawa, dozi, saa na jina lako ibandike upande usiofunika vipimo. Msimu wa kaskazi jasho na unyevu huibandua plasta, basi izungushe bureti nzima chini ya mistari. Mama mwambie asiguse klampu, akuite uvimbe ukianza au mtoto akihema haraka. Zamu ikibadilika, msomeane kimo cha maji kwenye bureti mkiwa wawili kitandani, mkiandike, na anayepokea ahesabu matone mwenyewe.