Kumfuata msanii mji wa mbali: tiketi, kitanda na njia ya kurudi

Mwimbaji anayetunga nyimbo zake mwenyewe na kupanda jukwaani na gita lake hapiti kila mji. Ziara yake ni ya kumbi za watu mia tatu, mia tano, elfu moja na ushei, na mji unaoishi huenda haumo kwenye ratiba. Basi unafunga safari. Safari za namna hii huharibika hasa mahali pawili: kwenye mpangilio wa manunuzi, na kwenye saa moja inayofuata wimbo wa mwisho.

Kabla ya tiketi, tazama karatasi zako. Kama onyesho liko nchi nyingine, mapenzi ya muziki hayafungui mpaka. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi mojawapo ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikaguani mipakani, anaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, ila abebe kibali na pasipoti, vyote viwili, na viwe hai. Uingereza na Ireland hazimo kwenye mpango huo. Kibali cha London hakikupeleki Paris, na cha Berlin hakikupeleki Dublin. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda asiye na kibali cha upande anakokwenda anahitaji viza. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Kama kibali chako kiko kwenye kuhuishwa na ulichonacho ni stakabadhi tu, uliza mamlaka iliyokupa kama inakuruhusu kutoka na kurudi, kwa sababu nyingi haziruhusu. Usidhani pia kwamba ndani ya Schengen hakuna anayekagua: Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na basi la usiku ni mahali pa kawaida pa kuombwa pasipoti.

Sasa tiketi. Jiandikishe kwenye barua pepe za msanii mwenyewe, si za kampuni ya tiketi pekee, maana mauzo ya awali hutangazwa huko kwanza na kwa ukumbi mdogo ndiyo huamua nani anaingia. Fungua akaunti na uingize kadi siku moja kabla. Benki itatuma namba ya uthibitisho kwenye simu, na kama kadi imeunganishwa na laini ya nyumbani iliyolala kwenye droo, muda wa malipo utakwisha ukitafuta pini ya kutolea laini. Saa ya mauzo iliyotangazwa kwa kawaida ni ya mji wa onyesho. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, hivyo katika majuma ya katikati tofauti uliyozoea hupungua kwa saa moja. Jaza majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Sisi wenye majina matatu tuna desturi ya kutumia lile linalotupendeza. Mlangoni, tiketi yenye jina hutazamwa sambamba na kitambulisho.

Zikiisha, subiri soko rasmi la kurudisha tiketi kabla ya kuwakimbilia walanguzi. Tiketi zaidi huachiliwa siku chache za mwisho, msanii anaporudisha zile za wageni wake na mafundi wanapomaliza kupima jukwaa. Ukinunua kwa mtu kwenye kundi la WhatsApp, hata awe wa kwenu, dai akuhamishie tiketi ndani ya programu yenyewe. Faili moja la PDF linaweza kuuzwa kwa watu watano na atakayeingia ni wa kwanza kukaguliwa. Picha ya skrini nayo haifai kitu pale ambapo msimbo wa tiketi hujibadilisha kila baada ya sekunde chache.

Tiketi ikishapatikana, chukua malazi yanayofutika bila gharama, kisha ndipo nauli. Watu wengi hufanya kinyume kwa kuvutiwa na nauli nafuu. Sababu ya mpangilio huu ni koo la binadamu. Anayeimba peke yake hana mbadala. Akipata mafua, onyesho linaahirishwa asubuhi ileile. Mwandaaji atakurudishia fedha ya tiketi au kuihamishia tarehe mpya, lakini kitanda na treni ni shauri lako. Kwa nauli, tofauti kati ya tiketi ya kubadilika na ile isiyogusika ndiyo bima yako, na mara nyingi inatosha kuilipia upande wa kurudi tu.

Fika mjini kabla ya adhuhuri. Kama njiani kuna kubadilisha treni, hesabu kwamba ya kwanza itachelewa ukaikosa ya pili, kisha jiulize kama inayofuata bado inakufikisha kabla ya milango kufunguliwa. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinampa abiria wa treni asilimia 25 ya nauli akichelewa dakika 60, na asilimia 50 akichelewa dakika 120, isipokuwa kwa dharura zilizo nje ya uwezo wa kampuni. Tiketi ya onyesho ulilolikosa hailipwi na yeyote.

Soma saa kwa makini. Nyakati huwa mbili: ya milango kufunguliwa na ya onyesho kuanza, na katikati yake kuna msanii wa kufungua jukwaa. Tiketi iliyoandikwa 19:30 ni saa moja na nusu usiku. Mnaosafiri wengi, mwandikiane kwa tarakimu za saa 24. Ukimwambia mtoto aliyezaliwa ughaibuni “tukutane saa mbili”, atakutafuta saa nane mchana.

Mahali pa kukaa pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Muziki wa gita na sauti unasikika vizuri karibu na meza ya fundi sauti, kwa kuwa yeye hupanga sauti kwa masikio yake pale alipo. Mbele kabisa pembeni utasikia spika moja tu. Kiti kilichoandikwa kuwa kinazibwa kina nguzo mbele yake, na bei yake inasema kweli. Kama ni kusimama, utasimama saa tatu au zaidi, kwa hiyo viatu vipya vibaki nyumbani.

Begi liwe dogo. Kumbi nyingi kubwa hazipokei kitu kinachozidi ukubwa wa karatasi ya A4, na mzigo wa safari hawautunzi. Uache hotelini au kwenye kabati za kituo cha treni, ukiangalia saa ya kufungwa kwake. Chaja ya akiba hupanda ndege kwenye mkoba wa mkononi tu, na isizidi saa-wati 100, yaani takriban mAh 27,000 kwa betri ya volti 3.7. Beba vizibo vya masikio. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka wastani wa sauti kumbini usizidi desibeli 100, na hicho si kimya.

Ukiwa ndani, kumbuka kwamba kwa msanii wa aina hii ukumbi hunyamaza hadi kucha za kidoleni zinasikika kwenye nyuzi. Maneno yako ya pembeni yatasikika safu sita. Simu iwe mfukoni. Tiketi ya kurudi itahitaji chaji hiyo.

Kisha njia ya kurudi. Tafuta treni au basi la mwisho la usiku huo, la siku hiyo ya juma hasa, maana Jumapili na Ijumaa hazifanani. Ukumbi mwingi hufunga muziki saa 23:00, lakini kutoka kwenye kiti hadi barabarani, ukiwa na koti la kuchukua, kunakula dakika ishirini. Kama usafiri wa mwisho ni 23:15, kata shauri mapema: ama ulale kwa umbali wa kutembea, ama uuache wimbo wa nyongeza. Teksi za programu hupanda bei mlangoni pa ukumbi. Tembea mitaa miwili mitatu kabla ya kuita.

Ukitaka sahani ya santuri, inunue wakati wa mapumziko, kwani baadaye foleni hugongana na treni yako. Ina upana wa sentimita 30 na haikunjiki, hivyo beba kadibodi mbili ngumu za kuiweka katikati, na uisafirishe mkononi.