Nyanya za bei ya kutupa: namna ya kuzisindika kwenye chupa ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Nyanya zikijaa sokoni Ilula, mkoani Iringa, muuzaji aliyekataa kupunguza bei asubuhi ndiye atakayekuita jioni, maana nyanya iliyoiva haisubiri kesho. Mwanjelwa na Uyole, kule Mbeya, mambo ni hayohayo. Huo ndio wakati wa kununua nyanya za miezi ile ambayo sado moja inaumiza mfuko.

Bei iwe rahisi, lakini si masalia yoyote. Chukua zilizoiva, ngumu kiasi, zenye nyama nyingi na maji kidogo, kama Roma au Cal-J. Iliyobonyea kidogo safarini inafaa ukikata sehemu hiyo. Iliyooza au yenye ukungu itupe nzima, kwa sababu ukungu hupunguza uchachu wa nyanya, na uchachu ndio ulinzi wako. Kwa sababu hiyohiyo usisindike nyanya zilizochumwa kwenye miche iliyokufa au kuunguzwa na baridi kali. Wa Makete na Njombe mnajua shamba linavyoamka jeupe kwa barafu mwezi wa saba. Nyanya hizo zipikwe na kuliwa siku hizohizo.

Kwa hesabu ya manunuzi, chupa ya nusu lita inameza gramu 750 hivi za nyanya mbichi. Kilo 10 zinakupa chupa 13.

Chupa za kioo zilizowahi kuwa na jamu au asali zinafaa, mradi mdomo hauna ufa wala mkwaruzo. Pitisha kidole taratibu kuzunguka ukingo, utauhisi. Vifuniko ni jambo jingine: nunua vipya kwenye maduka ya vifungashio, vya bati, vyenye mpira laini kwa ndani. Kifuniko kilichokwisha kutumika, mpira wake umeshachukua umbo la chupa ya kwanza, na mara nyingi hakibani tena vizuri.

Sasa uchachu. Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum ambaye mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Ndani ya chupa iliyofungwa bila hewa, penye uchachu mdogo, huamka na kutengeneza sumu inayoweza kuua, na chakula kinaweza kubaki na sura na harufu yake ya kawaida. Nyanya ziko mpakani: nyingine zina uchachu wa kutosha, nyingine hazina, na ulimi hauwezi kukuambia. Kwa hiyo kila chupa ya nusu lita iwekewe kitu kimojawapo: robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, au kijiko kikubwa 1 cha maji ya limau ya dukani, au vijiko vikubwa 2 vya siki yenye asidi ya asilimia 5. Limau la kukamua nyumbani lisitumike hapa, kwani uchachu wake hutofautiana tunda kwa tunda. Ladha ikikukera, utaongeza sukari kidogo siku ya kupika.

Usitie kitunguu, hoho, karoti, kitunguu saumu wala mafuta. Tunajua mkono unavutwa kutengeneza rosti kamili ndani ya chupa, lakini mboga hizo hushusha uchachu na kubadilisha muda wa kuchemsha. Chumvi nusu kijiko cha chai ni hiari yako.

Kuandaa: tumbukiza nyanya kwenye maji yanayotokota kwa sekunde 30 hadi 60, ganda likipasuka zihamishie kwenye maji baridi, menya, toa kikonyo, kata vipande vinne. Weka kiasi cha sehemu moja kati ya sita kwenye sufuria yenye moto mkali, uziponde papo hapo zitoe maji na kuchemka. Kisha ongeza zilizobaki kidogo kidogo huku unakoroga, bila kuponda tena. Zikishaingia zote na kuchemka, hesabu dakika 5. Haraka hii ina sababu. Nyanya ikikatwa, kimeng'enya chake huanza kuvunja pektini, ile inayofanya rojo iwe nzito, na joto la ghafla hukizuia. Ukikata beseni zima na kuliacha likae, chupa zako zitajitenga, maji chini na nyama juu. Hazina madhara, ila hazipendezi.

Chupa ziwe zimeoshwa kwa sabuni na zimekaa ndani ya maji ya moto. Tia asidi kwanza, mimina nyanya zikiwa zinachemka, acha nafasi ya sentimita 1 na nusu hivi juu. Pitisha mpini wa kijiko cha mbao pembeni kutoa mapovu ya hewa, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, funga kwa nguvu ya vidole tu. Hewa lazima ipate njia ya kutoka wakati wa kuchemsha.

Kwenye sufuria kubwa tandika kitambaa chini, maana chupa ikigusa bati la moto moja kwa moja hupasuka. Panga chupa zisigusane, jaza maji ya moto yapite vifuniko kwa sentimita 3, funika.

Hapa ndipo watu wa nyanda za juu tunapotofautiana na wa Dar es Salaam. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100, na kila unapopanda mita 300 hivi hupungua karibu nyuzi 1. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, maji yanatokota kwenye nyuzi 94 au 95, na kuongeza mkaa hakuyapandishi. Kinachofidia ni muda. Nyanya hizi, kwenye chupa zisizozidi nusu lita, pwani zingehitaji dakika 35. Iringa mjini, Ilula na Mbeya mjini ni dakika 45. Ukivuka mita 1,800, kama Njombe na vilima vingi vya Mbeya, ni dakika 50. Ukiwa na shaka na kimo cha kwako, tumia 50. Chupa za lita moja zinataka dakika 10 zaidi na asidi mara mbili.

Hesabu inaanza maji yakitokota kwa nguvu, si chupa zinapoingia. Mkaa ukilegea na mtokoto ukakatika, anza upya kutoka sifuri, kwa hiyo washa jiko la pili la akiba. Maji ya kuongezea yawe yanachemka.

Muda ukitimia, epua, funua, subiri dakika 5, kisha toa chupa uziweke juu ya taulo kavu mbali na upepo. Usizipindue na usikaze vifuniko. Kile kitendo cha kumimina ya moto, kufunga na kugeuza chupa juu chini hakichukui nafasi ya kuchemsha, hata kama kifuniko kitabana. Baada ya saa 12 hadi 24 bonyeza katikati ya kifuniko: kilichobana kimezama na hakichezi. Kikicheza, badilisha kifuniko na uchemshe upya muda wote ndani ya saa 24, au weka kwenye friji utumie karibuni. Andika tarehe, hifadhi gizani, tumia ndani ya mwaka. Chupa iliyovimba kifuniko, inayovuja au inayofoka inapofunguliwa, itupe bila kuonja, mahali ambapo hata kuku hawatafika.

Mapichi ya njano yanakwenda kwa njia hiyohiyo: menya, toa kokwa, chemsha kidogo kwenye maji lita 1 yenye sukari gramu 220, jaza chupa, kisha dakika 30 Mbeya mjini na 35 Njombe. Ya nyama nyeupe yaache, uchachu wake hautoshi.

Maharage, njegere, karoti na nyama visiingie kwenye chupa kwa njia hii, muda wowote utakaochemsha. Vinahitaji mtambo maalumu wa mgandamizo unaofika nyuzi 116 na zaidi. Maharage yakaushe. Tia konzi moja kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 10. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha maharage juani. Isiponata, jaza kwenye dumu kavu hadi juu kabisa, ufunge kwa nguvu, maana dumu likibaki na hewa nyingi ndani, bungua anapata pa kuishi.